Barua Pepe katika Shughuli za Ardhi na Nyumba

Vyama vingi vya ushirika nchini Kenya vinavyonunua mashamba na kuyagawanya kuwa ploti za wanachama, au vinavyokodisha majengo yao, siku hizi hufanya sehemu kubwa ya kazi hiyo kwa barua pepe. Wakala wa ardhi na nyumba huarifu kwa njia hiyo kwamba pana kiwanja, hupeleka picha, hujibu maswali na hudai malipo. Katibu wa chama naye, anapowaandikia wanachama kuhusu ploti zilizobaki, hufanya kazi ile ile ya wakala. Hata hivyo barua hizo huandikwa mara nyingi kana kwamba si barua bali ni maneno ya njiani, na katika uzembe huo fedha za wanachama huweza kupotea.

Jambo la kwanza ni kichwa cha barua. Wakala apokeaye barua nyingi kwa siku hataifungua upesi ile iliyoandikwa "Habari" au "Kiwanja". Ikiandikwa "Ploti 14: cheti cha upekuzi wa hati kinahitajika kabla ya Ijumaa", ataielewa kabla ya kuifungua, na baada ya miaka mitatu mkaguzi ataipata kwa kutafuta namba ya ploti peke yake. Kila barua na ichukue shauri moja. Anayeuliza bei, mpaka na barabara katika barua moja kwa kawaida hujibiwa bei tu. Picha tatu au nne zatosha, kwa kuwa mwanachama hulipia kila anachokipokea katika simu yake, na barua yenye mizigo mikubwa huenda isifike kabisa.

Majibu yasicheleweshwe. Ardhi ya kilimo haiuzwi bila kibali cha Bodi ya Udhibiti wa Ardhi, na sheria yataka maombi ya kibali hicho yapelekwe katika muda wa miezi 6 tangu mapatano yafanyike. Wakala anayekaa wiki tatu bila kujibu huula muda huo. Asiye na jibu kamili aandike kwamba barua imepokewa, na ataje siku atakayojibu.

Yafaa ieleweke pia kwamba barua pepe si mkataba wa kuuziana ardhi. Sheria ya Mikataba ya Kenya, Sura ya 23, yataka mapatano ya ardhi yawe kwa maandishi, yatiwe sahihi na pande zote, na kila sahihi ishuhudiwe na mtu aliyekuwapo. Neno la wakala kwamba "ploti ni yenu" halikipi chama shamba. Wala nakala ya hati miliki iliyoambatishwa katika barua haithibitishi mwenye mali, kwa maana karatasi hutengenezwa na kila mwenye mashine. Chama na kijifanyie upekuzi katika daftari la msajili wa ardhi, au kupitia mfumo wa Ardhisasa, ulioanzishwa mwaka 2021 kwa kuanzia na Nairobi, pale ambapo eneo husika limekwisha kuingizwa humo. Wakala mwenyewe naye aulizwe usajili wake, kwani Sheria ya Mawakala wa Ardhi na Nyumba, Sura ya 533, yamtaka awe amesajiliwa na bodi ihusikayo.

Hatari iliyo kubwa kuliko zote iko katika siku ya malipo. Mwizi hupata neno la siri la wakala, la wakili au la katibu, akaingia ndani ya sanduku la barua bila kugusa kitu. Husoma kimya kimya kwa majuma mengi. Hujua ploti, bei, majina ya viongozi na hata namna wanavyosalimiana. Siku ya kulipa ile asilimia 10 ya kwanza inapokaribia, huandika barua fupi yenye adabu: akaunti ya kawaida inakaguliwa, tafadhali lipeni katika hii nyingine. Nchini Marekani peke yake, malalamiko ya udanganyifu wa namna hii yaliyopokewa na FBI katika mwaka 2023 yalihusu hasara ya karibu dola bilioni 2.9, na mauzo ya nyumba ni miongoni mwa shughuli zinazolengwa sana.

Kuna wezi ambao hata hawahitaji kuingia ndani. Hufungua anwani inayofanana na ya wakala. Alama ya @, ambayo mhandisi Ray Tomlinson aliichagua mwaka 1971, hutenga jina la mtu na jina la mahali barua inapotoka. Kwa hiyo jicho la katibu liangalie zaidi upande wa kulia wa alama hiyo. Herufi r na n zikikaribiana hufanana na m, hata "rnashamba" likasomwa "mashamba" na mtu mwenye haraka. Naye mwizi hutegemea sana haraka hiyo.

Dawa yake haina gharama. Namba ya akaunti iandikwe katika mkataba. Badiliko lolote lisikubaliwe kwa barua pepe, hata likitoka katika anwani ya kweli, mpaka viongozi wawili wa chama wawe wamempigia mhusika simu kwa namba waliyopewa walipoonana naye, si ile iliyo katika barua hiyo. Ikiwa fedha zimekwisha kwenda, benki ijulishwe saa hiyo hiyo, kisha polisi. Anayengoja mkutano wa kamati atazikuta zimekwisha kutolewa.

Katibu anayewaandikia wanachama 200 kwa pamoja aweke anwani zao katika sehemu ya nakala ya siri. Kumwonyesha kila mmoja anwani za wenzake hakupatani na Sheria ya Kulinda Data ya mwaka 2019, na ni kumwekea mwizi orodha mezani.

Mwisho, anwani ya barua iwe mali ya chama. Chama kinachotumia anwani binafsi ya katibu kitaachwa bila kumbukumbu siku atakapoondoka. Neno la siri libadilishwe kila panapokuwa na makabidhiano, na uthibitisho wa hatua mbili uwashwe. Barua za ardhi zichapishwe na kuwekwa katika jalada la ploti, lakini zile za asili zisifutwe katika sanduku. Sheria ya Ushahidi, kifungu cha 106B, huitaka kumbukumbu ya kompyuta inayopelekwa mahakamani iambatane na cheti cha mtu anayehusika na mashine ilikotoka, na cheti hicho ni vigumu kukitoa kwa barua ambayo haipo tena.