Mikanda Mingapi kwa Wiki?

Dakika 3 na sekunde 15. Huo ndio muda ambao mkanda wa rangi hukaa ndani ya dawa ya kwanza, kwenye nyuzi 37.8, joto la mtoto anayeanza homa. Kodak walipoleta utaratibu huu wa C-41 mwaka 1972, walitaka joto la dawa hiyo lisipande wala kushuka zaidi ya nyuzi 0.15. Mpaka leo karibu kila mkanda wa rangi wa negativu, uwe wa Kodak au wa Fujifilm, hupitia humo humo. Maabara zote zinapika chungu kimoja. Tofauti ni nani anayeweza kukipika vile vile leo, kesho na mwezi ujao.

Watu wengi wakichagua maabara huanza na bei, basi tuimalize hiyo kwanza. Marekani siku hizi mkanda wa rangi wa picha 36 ni kama dola 10 hadi 18, na kusafisha pamoja na kuskani ni kama dola 12 hadi 25. Chukua mkanda wa dola 12 na maabara ya dola 16: kila picha imekula senti 78. Lakini nani hupata picha 36 nzuri? Ukipata 6 za kutundika ukutani umejitahidi, na kila moja imekugharimu dola 4 na senti 67. Sasa weka maabara ya dola 13 kando ya ile ya dola 19. Tofauti yote ni senti 17 kwa picha. Upande wa pili wa mizani kuna masharti ambayo maabara nyingi huyaandika kwa herufi ndogo: wakiupoteza au kuuharibu mkanda wako, fidia ni mkanda mwingine mtupu. Harusi nzima ya dada yako, kuanzia kupaka hina mpaka kukata keki, inalipwa dola 12.

George Eastman, mwanzilishi wa Kodak, aliliona mapema suala hili la kumwamini mtu na mkanda wako. Kamera yake ya mwaka 1888 iliuzwa dola 25 ikiwa na mkanda wa picha 100 ndani. Ukimaliza, unaituma kamera nzima Rochester, New York, pamoja na dola 10; wanasafisha, wanachapa, wanapakia mkanda mpya, wanakurudishia. Senti 10 kwa picha, wakati dola ilikuwa dola. Alichouza hasa ni uhakika kwamba kule mwisho wa safari kuna mtu anayeijua kazi.

Uhakika ule ulisimama juu ya wingi, na wingi ndio ulioondoka. Karne hii ilipoanza, Wamarekani walikuwa wakinunua karibu mikanda bilioni moja kwa mwaka. Mwaka 2011 makadirio yalikuwa milioni 20 hivi, ukiacha kamera za kutumia mara moja. Januari 2012 Kodak wakaenda mahakamani kuomba kinga ya kufilisika. Kodachrome, mkanda wa rangi wa Kodak uliohitaji dawa zake wenyewe, ilikuwa imekwisha kabla ya hapo: maabara ya mwisho duniani kuisafisha, Dwayne's Photo ya mji mdogo wa Parsons, Kansas, ilifunga mlango wa kupokea mikanda hiyo tarehe 30 Desemba 2010. Aliyesahau mkanda wake kabatini hana tena pa kuupeleka ukatoke na rangi zake, hata awe na fedha kiasi gani.

Kwa nini wingi una uzito hivyo? Kwa sababu ya dawa. Dawa ya kusafishia huchoka kwa kazi, lakini huchoka pia kwa kukaa bure, maana hewa inaila. Ndiyo sababu mashine huongeza dawa mpya kidogo kila mkanda unapopita. Tuseme tangi ni la lita 10 na kila mkanda unaongezewa mililita 25. Inahitajika mikanda 400 ili tangi lote liwe limeingiziwa dawa mpya ya ujazo wake. Maabara inayopata mikanda 100 kwa wiki itafika hapo baada ya wiki 4. Inayopata 10 itafika baada ya wiki 40, muda wa mimba nzima, na muda wote huo mashine inawashwa, inapashwa moto, inazimwa. Mkanda wako unaweza kutoka na vivuli vya kijani au weusi uliopauka, ukailaumu kamera.

Fundi makini hangoji macho yake yamwambie. Ana vipande vya majaribio vilivyopigwa mwanga kiwandani, vinavyohifadhiwa ndani ya friza. Hupitisha kimoja kwenye dawa kabla ya kuanza kazi, anakipima kwa mashine ya kusomea weusi, kisha anaweka nukta kwenye grafu. Omba kuiona grafu hiyo. Anayeitumia hufurahi kuulizwa, na asiyeijua utamwona usoni.

Na wewe una grafu yako, imo kwenye ukingo wa mkanda. Inua negativu dirishani, uache picha kwanza, utazame jina la kampuni na namba ndogo zilizo kando ya matundu. Maandishi hayo hupigwa mwanga kiwandani, hayajui kamera yako wala mkono wako. Yakiwa meusi na makali huku picha zimefifia, kosa ni lako, ulinyima mwanga. Yakiwa yamefifia pamoja na picha, dawa ilikuwa dhaifu au baridi. Nilijifunza kupima kosa ni la nani baada ya kupokea mkanda wenye mstari mwembamba, ulionyooka kama umepigwa rula, kutoka picha ya kwanza hadi ya 36, ukikatiza paji la uso la bibi yangu mara nne. Fundi alisema ni mchanga ndani ya kamera. Inawezekana kweli, mchanga hufanya hivyo. Nilipitisha mikanda miwili zaidi kwenye kamera ile ile, nikasafisha kwingine. Haikuwa na mstari.

Kuskani kuna makelele mengi kuliko maana. Picha ya milimita 24 kwa 36 ikiskaniwa pikseli 2000 kwa 3000 ni megapikseli 6, na inachapwa safi kwa sentimita 17 kwa 25. Skani ndogo ya 1000 kwa 1500 inaishia sentimita 8.5 kwa 12.7, ukubwa wa picha za albamu za zamani. Ukipanda mpaka nukta 4000 kwa inchi unapata megapikseli 21, na faili lisilobanwa la biti 16 linafika megabaiti 128 kwa picha moja, yaani gigabaiti 4.6 kwa mkanda. Shusha hizo kwa bando uone. Mimi huchukua ya kati na kung'ang'ania negativu zangu, maana skani hurudiwa. Zipo maabara zinazotupa negativu baada ya siku 30, kwa hiyo uliza kabla hujaacha mkanda.

Kwa aliye Dar es Salaam au Mombasa anayefikiria kutuma nje kuna hesabu moja zaidi. Mkanda ambao haujasafishwa unaogopa eksirei, na skana mpya za CT za viwanja vya ndege zinaweza kuuchafua kwa kupita mara moja tu. Ukishasafishwa, eksirei haina la kuufanya. Safisha karibu, skani mbali ukitaka.

Mwaka jana niliingia mahali nilipoelekezwa, pana kiyoyozi, pana mashine kubwa iliyofunikwa kitambaa cha maua. Nikasalimia, nikauliza, "Fundi, kwa wiki mnasafisha mikanda mingapi?"

"Inategemea, kaka."

"Wiki hii, kwa mfano?"

Akautazama mkanda mkononi mwangu. "Wiki hii? Huo."

Nikaurudisha mfukoni.