Nyundo za Kamukunji na masikio ya fundi

Ukikaribia mabanda ya Jua Kali ya Kamukunji, unayasikia kabla hujayaona. Hapo ndipo wakazi wengi wa Nairobi hununua masanduku ya watoto wanaokwenda shule za bweni, majiko, karai na wilbaro. Mnunuzi hukaa nusu saa, hubishana bei kwa kupaza sauti, kisha huondoka na mzigo wake huku masikio yakivuma. Fundi hubaki pale hadi jioni, na kesho yake pia, kwa miaka.

Kelele haina uchungu kama kidole kilichogongwa na nyundo, na ndiyo sababu wengi huidharau. Ndani kabisa ya sikio kuna seli zenye vinyweleo vidogo sana, takriban 15,000 katika kila sikio, ambazo hupokea mtetemo wa sauti na kuupeleka kwenye ubongo. Kelele kali huzichosha. Zikipata utulivu wa kutosha, hupona; zikichoshwa kila siku, hufa, na zikifa hazioti tena. Kifaa cha kusikia humsaidia mtu, lakini hakizirudishi.

Za kwanza kufa ni zile zinazopokea sauti nyembamba. Katika Kiswahili, irabu hubaki zikisikika vyema huku herufi kama s, f, t na k zikififia. Mtu akisema "saa", "taa" au "kaa", fundi aliyeathirika husikia "aa" tu, na lazima akisie mengine. Kwa hivyo hakubali kwamba hasikii. Yeye husema watu siku hizi wanamung'unya maneno. Nyumbani, mke na watoto hudhani anawapuuza. Wengi huanza kukaa pembeni katika mikutano na harusi kwa sababu kukisia maneno mchana kutwa kunachosha.

Dalili za mapema zipo. Ukifika nyumbani jioni ukahisi masikio yameziba, ukisikia mlio mwembamba usiokoma unapolala, au ukiongeza sauti ya televisheni hadi majirani wakalalamika, masikio yako yanaumia. Yakifunguka asubuhi, usidhani yamepona kabisa.

Nguvu ya sauti hupimwa kwa desibeli. Mazungumzo ya kawaida ni kama 60. Nyundo juu ya bati au grainda kwenye chuma inaweza kukaribia au kupita 100. Hesabu ya desibeli hudanganya: kila zikiongezeka 3, nishati ya sauti huwa maradufu. Kama sikio linastahimili desibeli 85 kwa saa 8, basi kwa 88 ni saa 4 tu, na kwa 91 ni saa 2. Huhitaji mashine ili kupata makadirio. Ukilazimika kupaza sauti ili mwenzako aliye umbali wa mita moja akusikie, mahali hapo pana kelele ya kudhuru.

Kanuni za Kenya za kuzuia na kudhibiti kelele kazini, zilizotolewa mwaka wa 2005, zinakataza mfanyakazi kuwekwa katika kelele inayozidi wastani wa desibeli 90 kwa saa 8. Inapopita 85, mwenye mahali pa kazi anatakiwa kuwa na mpango wa kupunguza kelele na kulinda masikio ya wafanyakazi. Vikinga masikio ni wajibu wake kuvitoa. Nayo Sheria ya Usalama na Afya Kazini ya mwaka wa 2007 haimwachi nje fundi aliyejiajiri: inamtaka ajilinde yeye mwenyewe na walio karibu naye. Mwanagenzi anayeshikilia bati wakati wewe unagonga yuko karibu nawe, na masikio yake ni machanga kuliko yako.

Kabla ya kununua vikinga, tazama kelele inatoka wapi. Bati linalogongwa likiwa limelala juu ya chuma tupu hulia kama kengele. Weka kipande cha tairi kuukuu chini ya kile kipande cha reli unachogongea, na mfuko wa mchanga au gunia nene chini ya bati pale kazi inaporuhusu. Tumia nyundo ya mbao au mpira kukunja kingo. Kata kwa mkasi wa bati badala ya tindo na nyundo. Wanaopaka rangi na wanaouza hawana haja ya kukaa katikati ya wanaogonga. Paa la mabati linakinga jua, lakini sauti hugonga hapo na kurudi, kwa hivyo kazi ya kugonga ifanywe ukingoni mwa banda inapowezekana.

Vizibo vya sponji vya masikio ni rahisi kutumia, ingawa wengi huvivaa vibaya. Kwa mikono safi, kisokote kizibo hadi kiwe chembamba. Pitisha mkono mwingine nyuma ya kichwa, vuta sikio juu na nyuma, kiingize, kisha kishikilie kama nusu dakika kipanuke. Pamba ya kawaida haizuii kelele ya kutosha. Spika ndogo za simu zinazopiga muziki ni balaa, kwani utaongeza sauti ili ishinde nyundo.

Tatizo kubwa Kamukunji ni mteja. Akija, fundi huvua vizibo ili wapatane bei, huku jirani akiendelea kugonga. Kizibo chenye uwezo wa kupunguza desibeli 30, kikivuliwa kwa nusu saa tu katika zamu ya saa 8, hutoa kinga ya kama desibeli 12 kwa siku nzima. Ni afadhali kumvuta mteja kando, mbali na nyundo, mzungumze huko.

Wakazi hutuuliza walalamike wapi. Kelele inayotoka mahali pa kazi na kusumbua majirani ni jukumu la kaunti, kwa mujibu wa Katiba. Ipelekwe kwa afisa wa mazingira wa eneo lako. Kelele inayomdhuru mfanyakazi akiwa kazini ni ya Kurugenzi ya Usalama na Afya Kazini (DOSHS), iliyo chini ya serikali ya kitaifa. Ukiwa umeajiriwa, mweleze kwanza msimamizi wako; mahali penye wafanyakazi 20 au zaidi panatakiwa kuwa na kamati ya usalama, na hapo ndipo pa kupeleka suala hili.

Mwenye dalili tulizotaja aanzie kituo cha afya kilicho karibu naye. Mweleze mhudumu kazi unayofanya na miaka uliyoifanya, kisha uombe kutumwa kwa kipimo cha kusikia. Nenda asubuhi kabla ya kuanza kazi, kwani kipimo kinachofanywa baada ya kutwa ya nyundo hakionyeshi hali halisi ya masikio.