Kokotoa Bwawa Kabla ya Kulichimba

Abiria wa barabara kuu ya Dar es Salaam kwenda Mbeya huijua Ilula, wilayani Kilolo, mkoani Iringa, kwa matenga ya nyanya yaliyopangwa kando ya lami. Baadhi ya nyanya hizo huishia kwenye kachumbari, hazipiti motoni. Mji wa namna hii hauwezi kuyapuuza majitaka yake, kwa sababu yakichanganyika na maji ya kumwagilia, vimelea hufika mezani.

Njia nafuu ya kuyasafisha ni mabwawa. Tope huzama, bakteria hula uchafu, na mwani hutumia jua kutoa oksijeni. Kazi ngumu ni kujua maji yakae humo siku ngapi, na hapo ndipo modeli ya kompyuta inaposaidia.

Mwaka 1974, mhandisi Gerrit Marais wa Afrika Kusini alionyesha kwamba kasi ya kufa kwa bakteria wa kinyesi hufuata joto la maji. Kwa kanuni yake, maji yakishuka kutoka nyuzijoto 25 hadi 20, kasi hiyo hupungua kwa zaidi ya nusu. Bwawa linalotosha Dar es Salaam halitatosha Iringa, hasa katika baridi ya Juni na Julai.

Kanuni hiyohiyo inafichua jambo kubwa zaidi. Katika nyuzijoto 20, bwawa moja la siku 10 huacha bakteria 1 kati ya 27. Ligawe mawili ya siku tano tano, abaki 1 kati ya 196. Yakiwa manne, hubaki 1 kati ya zaidi ya 3,000. Ujazo ni uleule. Katika bwawa moja, sehemu ya maji mapya huchanganyika na kutoka mapema, kabla vimelea havijafa.

Mwaka 2000, mtafiti Sixtus Kayombo na wenzake walichapisha modeli ya oksijeni katika mabwawa ya namna hii. Oksijeni hupanda mchana na kushuka usiku, hivyo sampuli ya saa sita mchana pekee humdanganya msimamizi. Modeli ya kompyuta inaweza kumwonyesha pia tope likijaa linavyofupisha muda wa maji kukaa, ili alizoe mapema.

Kompyuta ya kawaida inatosha. Kinachohitajika kwanza ni kupima joto na mtiririko wa maji ya hapahapa, mwaka mzima. Halmashauri ianze na vipimo hivyo, kisha ndipo iagize greda.