Tangi Linalopumua

Je, wajua kuwa tipa ina pua? Ipo juu ya tangi la oili ya haidroliki, nyuma ya kabini, na kwa ukubwa haizidi ngumi ya mtoto. Madereva wengi hawaijui kwa jina, wakiulizwa husema tu, "Hicho kikofia." Lakini kikofia hicho ndicho huamua kama gari litamaliza mwaka likiwa kavu chini, au litaacha doa jeusi kila linapolala.

Madoa hayo hayakosekani Nkwenda, wala mahali pengine popote wilayani Kyerwa, mkoani Kagera, ambako tipa zinabeba mchanga, kokoto na moramu. Asubuhi gari likiondoka, pale lilipolala hubaki duara la oili lililonywewa na vumbi jekundu. Ukimuuliza utingo, atakujibu bila wasiwasi: "Inavuja kidogo tu, mzee."

Hebu tuipigie hesabu hiyo "kidogo". Matone kama 20 ya oili hutimiza mililita moja. Tone moja kila sekunde ni matone 86,400 kwa siku, yaani zaidi ya lita 4. Siku tano zikipita, dumu zima la lita 20 limeingia ardhini, na ardhi ya huku haikai na siri: mvua za vuli na za masika huosha kilima, zikapitia migombani na kwenye mibuni, zikaishia bondeni ambako watu huchota maji. Mwenye gari amepoteza pesa, na jirani wa bondeni amepata asichokiomba.

Mlango uliofungwa na nguvu iliyomo

Kabla ya kusaka uvujaji, tujue oili hiyo inafanya kazi gani. Katika karne ya 17, Mfaransa Blaise Pascal alieleza kwamba ukikandamiza kimiminika kilichofungiwa, mkandamizo husambaa sawasawa kila upande. Tipa inaishi kwa kanuni hiyo. Pampu inayozungushwa na giaboksi hufyonza oili kutoka kwenye tangi na kuisukuma ndani ya jeki, ule mkono mnene wa chuma unaorefuka na kubinua bodi.

Tuseme presha imefika baa 150. Hiyo ni kama kilo 150 zikikandamiza eneo la sentimita moja ya mraba, sawa na ukucha wa kidole gumba. Jeki yenye kipenyo cha sentimita 15 ina eneo la sentimita za mraba 177 hivi. Zidisha, utapata zaidi ya tani 26. Ndiyo maana dereva anavuta kishikio kimoja tu, na mlima wa moramu unainama kama mtu anayesalimia wakwe.

Nguvu hiyo yote inazuiwa isitoroke na kipande cha mpira tu. Mwingereza Joseph Bramah alipopata hataza ya mashine yake ya kukandamiza kwa maji mwaka 1795, tatizo halikuwa nguvu, bali kuvuja. Akilegeza kifungio, maji yanachuruzika. Akikikaza, pistoni inakwama. Inasimuliwa kuwa aliyemtoa kwenye shida hiyo ni fundi wake kijana, Henry Maudslay, aliyebuni pete ya ngozi iliyokunjwa kama kikombe. Maji yalipoingia ndani ya mkunjo, yaliibana ngozi kwenye ukuta wa silinda. Presha ilivyopanda, ndivyo ngozi ilivyozidi kubana. Ni kama mwizi aliyekuwa anavunja mlango amegeuzwa kuwa mlinzi wake.

Sili nyingi za jeki leo zinafuata akili hiyo hiyo, ila ngozi imetoa nafasi kwa mpira wa viwandani. Oringi, ile pete nyembamba iliyojaa kwenye maduka ya vipuri, ilipewa hataza Marekani mwaka 1939, na mwenye ubunifu huo alikuwa Niels Christensen, mzaliwa wa Denmark.

Watu wa Kagera nao waliijua ngozi kama kizuizi kabla ya tipa na kabla ya Bramah. Wahunzi wa mkoa huu, ambao tanuri zao za kale zimechunguzwa na wanaakiolojia katika nchi ya Wahaya, walipuliza moto kwa mivukuto iliyofunikwa ngozi. Bweranyange, makao ya wafalme wa Karagwe, palijulikana kwa vyombo vya chuma vya kifalme. Mhunzi alifahamu mambo mawili: ngozi ikipasuka, moto unazimika, na mvukuto usipoingiza hewa, hauna cha kutoa. Jambo hilo la pili ndilo linaloturudisha kwenye tangi letu.

Kwa nini tangi livuje, na halina presha?

Hapa ndipo pana kitendawili. Zile baa 150 ziko kwenye pampu, kwenye hozi na ndani ya jeki. Tangini oili imetulia kama maji mtungini. Basi kwa nini tangi nalo livuje?

Chukua mfano wa tangi linaloweza kubeba lita 80, lililojazwa lita 65 kama inavyotakiwa, na jeki inayomeza lita 40 ikinyooka yote. Bodi ikipanda, lita 40 za oili zinaondoka tangini. Nafasi yake lazima ijazwe na kitu, na kitu hicho ni hewa: madumu mawili ya hewa yanaingia kupitia ile pua. Bodi ikishuka, oili inarudi na madumu mawili ya hewa yanatoka. Tipa inayomwaga mara kumi kwa siku inavuta na kutoa pumzi mara kumi, na inavuta pumzi hizo katikati ya vumbi la barabarani.

Sasa pua ikizibwa na vumbi lililochanganyika na oili, mambo mawili hutokea. Bodi inapopanda, tangi linakosa hewa, pampu inavuta kwa shida na kuanza kulia kama inasaga changarawe. Bodi inaposhuka, hewa iliyomo haina pa kutokea. Inakandamizwa, na tangi ambalo halikuundwa kubeba presha linabebeshwa. Hapo gasketi ya kifuniko inaanza kulowa, kioo cha kupimia kinatoka jasho, na maungio ya kuchomelea yanafunguka nyufa. Kosa la kwanza ndilo hili: mwenye gari ananunua gasketi mpya, kisha nyingine, kumbe ugonjwa uko puani.

Njia ya kupima ni rahisi. Bodi ikiwa chini na injini imezimwa, legeza kifuniko cha tangi taratibu huku umetega sikio. Ukisikia "fyuuu", tangi lilikuwa limebanwa pumzi. Isafishe pua yake, au uibadilishe kama chujio lake limekwisha.

Kosa la dumu moja

Kosa la pili hufanywa na mtu mwenye nia njema. Bodi iko juu, utingo anachungulia kioo cha tangi na kuona oili imeshuka sana. Kwa mfano wetu, zimebaki lita 25. "Oili imekwisha," anasema, na kumimina dumu la lita 20. Tangini sasa mna lita 45. Bodi inashuka, lita 40 zinarudi nyumbani, jumla 85. Tangi ni la lita 80. Lita tano zinatokea puani, zinateremka ubavuni, na jioni kijiwe kizima kinakubaliana kuwa tangi limetoboka.

Kosa hilo halina mipaka. Huko Marekani na Ulaya kuna magari-nyumba, mabasi yenye vitanda na jiko ndani, ambayo mengine husimama kwa miguu ya haidroliki ili nyumba isilale upande. Tangi la miguu hiyo ni la lita chache tu, na mara nyingi oili yake ni ile ya giaboksi za otomatiki. Mwenye gari akiongeza oili miguu ikiwa imeshuka, siku akiikunja ili asafiri, oili inafurika. Kanuni ni moja kwa nyumba ya mtalii na kwa tipa ya Nkwenda: pima oili bodi ikiwa chini kabisa, miguu ikiwa imekunjwa yote, gari likiwa mahali tambarare.

Wala usijaze mpaka mdomoni. Oili hutanuka kwa joto. Zile lita 65 zikitoka kwenye baridi ya alfajiri ya vilima hivi na kupata joto la nyuzi 40 zaidi kazini, huongezeka karibu lita mbili. Nafasi tupu ya juu ndiyo chumba cha ongezeko hilo.

Mpira wa baiskeli kwenye supu isiyo yake

Kosa la tatu hukatwa kwa mkasi. Gasketi imepotea, duka liko mbali, na pembeni pana tyubu kuukuu ya baiskeli. Fundi anakata duara safi, anakaza boliti, na kweli siku hiyo uvujaji unakoma.

Mpira wa tyubu, hata hivyo, ulitengenezwa ushike hewa. Ukikaa kwenye oili ya madini huinywa, unavimba, unalegea na kutokeza pembeni mwa kifuniko kama ulimi. Mwenye shaka na ajaribu mwenyewe: kata kipande cha tyubu, chora umbo lake kwenye karatasi, kitumbukize kwenye kikombe cha oili ya haidroliki pamoja na oringi ya dukani iliyotengenezwa kwa oili. Baada ya wiki, rudisha kipande juu ya mchoro wake. Hakitoshi tena ndani ya mstari. Oringi itakuwa karibu vile vile ilivyoingia.

Kinyume chake nacho ni kweli. Oili ya breki za kawaida ni ya asili nyingine, na sili zinazoipenda oili ya madini huharibiwa nayo. Kuongeza "chochote kinachoteleza" ni kutia sumu kwenye vifungio vyote kwa mpigo. Na ile tepu nyeupe ya mafundi bomba iachwe kwenye mabomba ya maji: vipande vyake hukatika, husafiri na oili, vikakwama kwenye vali.

Maji chini, mtikisiko pembeni

Pumzi ya tangi huingiza pia unyevu. Usiku chuma kikipoa, unyevu huo hugeuka matone ndani. Kwa kuwa oili ni nyepesi kuliko maji, maji huzama na kulala kwenye sakafu ya tangi, ambako kutu huanza kazi kutokea ndani. Rangi ya nje inaweza kung'aa huku chini tayari pana tundu la sindano. Dawa ni plagi ya chini: asubuhi, kabla ya kuwasha injini, ilegeze na uache kilichotangulia kitoke kwenye kikopo. Kikitoka cheupe kama maziwa au kama maji, umeokoa tangi.

Mtikisiko nao una zamu yake. Chesisi ya gari hujipinda kwenye makorongo. Tangi lililofungwa chuma kwa chuma hulazimika kujipinda nalo, na lisiloweza kujipinda hupasuka kwenye maungio. Vipande vya mpira kati ya tangi na mikono yake humeza mtikisiko huo. Likishapasuka, lisipelekwe kwa mchomeleaji kabla halijamwagwa, kuoshwa na kutolewa mvuke wote. Tangi lililobaki na mvuke wa oili linaweza kumlipukia.

Uvujaji usioonekana, na ule usioguswa

Upo pia uvujaji usiodondosha kitu. Hozi ya kufyonza, inayotoka tangini kwenda kwenye pampu, hufanya kazi ikiwa na presha ndogo kuliko ya hewa ya nje. Klipu yake ikilegea, oili haitoki. Hewa ndiyo inayoingia. Oili inarudi tangini ikiwa povu, povu linapanda, linafurikia puani. Ukiona povu kwenye kioo, kaza klipu za hozi hiyo kabla ya kulilaumu tangi.

Kutafuta chanzo cha doa, osha tangi likauke, lipake poda au unga mwembamba, kisha binua bodi mara kadhaa. Oili itajichorea njia yake yenyewe. Tazama mahali pa juu kabisa palipolowa, kwa sababu oili huteremka na doa la chini ni mwisho wa safari.

Lakini njia hiyo ni ya tangi peke yake. Kwenye hozi na maungio ya presha, usipapase kwa kidole wala kwa kitambaa. Mchirizi mwembamba kama uzi unaweza kupenya ngozi na kuingiza oili mwilini. Kidonda huonekana kama cha kuchomwa na mwiba, hakiumi sana mwanzoni, kumbe ndani nyama inaoza. Aliyeumia hivyo ni wa kukimbizwa hospitali saa hiyo hiyo. Kuutafuta mchirizi, tumia kipande cha boksi, ukiwa mbali. Wala usiingie chini ya bodi iliyobinuliwa kabla haijawekewa nguzo ya chuma, kwa sababu oili iliyoishika ndiyo hiyo unayoishuku kuwa inatoroka.

Basi kesho alfajiri, kabla ya safari ya kwanza ya mchanga, bodi ikiwa chini na injini imelala, panda uguse kikofia kile. Kifute vumbi. Legeza kifuniko, utege sikio. Kama husikii kitu, tangi lako linapumua.