Kanga na Adui Zake

Mtu afugaye kuku Buguruni hahitaji kufundishwa habari za adui wa ndege. Kuku hutoka uani na vifaranga kumi, na kabla ya adhuhuri kunguru ameshuka kutoka juu ya bati, wamebaki saba. Kunguru huyo mwenye shingo ya kijivu si mwenyeji wa pwani yetu. Aliletwa Unguja katika miaka ya 1890 ili ale taka za mji, kisha akaenea hata bara. Lakini yeye hupenda kukaa palipo na watu. Mimi nataka kusema juu ya ndege asiye na ua wala bwana wa kumlinda, yaani kanga wa nyikani, kama wale waonekanao Mikumi na Saadani.

Usiku kanga hulala juu ya mti, lakini mayai yake huyataga chini, katika kishimo kidogo kilichofichwa na majani marefu. Hutaga mayai sita hata kumi na mawili, naye huyaatamia kwa muda wa siku ishirini na nne hata ishirini na nane. Hapo ndipo penye hatari. Kenge huyanusa mayai akayameza. Nguchiro naye, kwa kuwa ganda la yai la kanga ni gumu mno, hulishika kwa mikono, akageuka, akalirusha nyuma kati ya miguu yake mpaka likapiga jiwe na kupasuka! Makinda yakitoka, kipanga huyangoja, na umande wa asubuhi huyaua mengine kwa baridi.

Ukisikia hayo utadhani kanga wangalikwisha zamani. Basi tufanye hesabu. Ili kanga wasipungue, yatosha kila jozi, katika maisha yao yote, waache watoto wawili watakaokua na kuzaa. Kanga jike akitaga mayai kumi kila mwaka kwa miaka minne, hayo ni arobaini. Thelathini na manane yakipotea, hesabu ya kanga imebaki vile vile. Tena kiota kikiharibiwa mapema, mara nyingi mama hutaga tena.

Ila mama mwenyewe akifa, hasara ni nyingine kabisa, kwa maana yamekufa pamoja naye mayai ya miaka yote ijayo. Paka mwitu humkamata pengine, lakini si kila siku, maana kundi la kanga lina macho mengi, na mmoja akiona hatari hupiga kelele hata nyika nzima ikajua. Lakini kelele hazimwokoi na kitanzi kilichotegwa kando ya kiota, wala na mbwa wa mwindaji. Na moto ukichoma majani yote, mama hukosa pa kujificha. Nguchiro aliyekuwa akitafuta kiota siku nzima sasa hukiona kwa mbali.

Mwanafunzi wangu mmoja aliniuliza, “Mwalimu, tukiwaua nguchiro wote, je, kanga hawatajaa tele?” Swali zuri, ila alisahau kwamba nguchiro hula wadudu kuliko mayai. Nilimjibu kwa habari za bata mzinga wa mwituni huko Marekani. Ndege huyu naye hutaga chini. (Hata jina alilopewa na wataalamu, meleagris, Wayunani wa kale walimwita kanga!) Mwanzoni mwa karne ya 20 alikuwa karibu kwisha kwa bunduki na kwa kukatwa misitu. Serikali za huko zikaweka sheria za uwindaji, misitu ikaota tena, na ndege wa porini wakakamatwa kwa nyavu na kupelekwa mahali walipokuwa wamekwisha. Leo wako mamilioni, na wanyama wala mayai wamo katika misitu ile ile.