Jibu Lililohifadhiwa Lisiulizwe

Katika mitaa ya Eastlands jijini Nairobi, kuanzia Buruburu na Umoja hadi Kayole, mita za stima za kulipia kabla hulishwa tokeni ya tarakimu 20, ambamo hufumbwa kiasi cha umeme ulionunuliwa pamoja na muda wa ununuzi, unaohesabiwa kwa dakika tangu mwanzo wa mwaka 1993 katika biti 24, nafasi iliyojaa tarehe 24 Novemba 2024 na kuwalazimu wateja kuingiza tarakimu za ziada za kusasisha mita. Muda huo ndio unaoiwezesha mita kukataa tokeni iliyokwisha kutumika.

Ichukuliwe kwamba mhandisi anabuni chipu ya kazi hiyo. Kabla haijachongwa kwenye silikoni, ambako kosa halifutiki, huandikwa msimbo wa uhakiki, yaani programu inayoilisha chipu ya kuigiza tokeni za kila aina na kupima majibu yake. Mhandisi huingiza tokeni ileile mara ya pili, akahifadhi jibu katika kibadilika, yaani jina linalobeba thamani, aliloliita jibu_la_pili, kisha akasahau kuandika mstari wa kuuliza kama jibu hilo ni la kukataa. Jaribio litapita kila siku, hata mita ikikubali tokeni moja mara kumi.

Anayeweza kumzindua ni kikagua msimbo, programu inayosoma msimbo bila kuuendesha. Stephen Johnson wa maabara ya Bell Labs aliandika kimoja cha mwanzo miaka ya 1970 akakiita lint, jina la vile vijinyuzi vinavyong'ang'ania nguo. Kwa chipu, Verilator, ambayo ni programu huria, hutoa onyo UNUSEDSIGNAL kuhusu thamani isiyosomwa popote, mradi iwe imeagizwa kutoa maonyo yote.

Katika sakiti yenyewe onyo hilo mara nyingi halina uzito, kwani biti za akiba huachwa makusudi, na Verilator hunyamaza jina likiwa na neno unused. Katika msimbo wa uhakiki, hata hivyo, thamani isiyosomwa aghalabu ni swali lisiloulizwa, na kulibandika jina hilo neno la kunyamazisha ni kuficha kosa. Mstari uliokosekana ni mfupi, wa kulinganisha jibu_la_pili na kukataliwa. Ukiandikwa, onyo hutoweka lenyewe, na jaribio lililokuwa likipita huenda likaanza kufeli.