Mfuko Tumboni

Leo twataka kusema juu ya jambo ambalo wengi huona haya kulitaja. Mgonjwa wa matumbo aweza kupasuliwa, na daktari akautoa utumbo nje kwenye ngozi ya tumbo. Choo hupitia hapo, kikapokelewa na mfuko uliobandikwa. Je, mtu huyo ataketi kanisani karibu na wenziwe? Ataketi, na kuimba ataimba.

Mdomo huo wa utumbo ni mwekundu na wenye unyevu, kama ndani ya shavu. Ukiuosha hauumi, kwa maana hauna neva za maumivu. Mfuko humwagwa ukifika thuluthi au nusu. Ukingoja ujae, uzito utaubandua, na choo kitachubua ngozi. Tundu la mfuko likatwe litoshee, ngozi isibaki wazi. Na kama uliotolewa ni utumbo mwembamba, maji na chumvi hupotea upesi. Basi kunywa mara kwa mara.

Hayo muuguzi atakufundisha. Lakini muuguzi hajavaa mfuko! Mwaka 1956, huko Birmingham, Uingereza, wagonjwa wa namna hii waliunda chama chao, ili waliotangulia wawatie moyo waliopasuliwa juzi. Kwetu sisi, ziara ya namna hiyo yapita maneno mengi ya kitaalamu. Mgonjwa humtazama mgeni aliyevaa nguo zake za kawaida, asione kitu, kisha humwuliza kwa sauti ndogo, "Na wewe unao?"

"Ninao, hata sasa."